Sururu ya Mzee Simfukwe

Siku ya kukabidhi zahanati, dresa kijana, mfunga vidonda kama mimi, aliyekuja kushika nafasi yangu alisoma orodha ya vifaa kwa sauti huku akitia alama kwa penseli. Sindano za kioo, nne. Jiko la spiriti, moja, linavuja kidogo. Sufuria ya kuchemshia vyombo, isipikiwe chakula. Baiskeli, haina breki ya nyuma. Sururu, moja. Hapo akanitazama, akasema, "Mzee, hii sururu ni ya zahanati au imepotea njia?" Nilimwambia aitie alama kwanza, maelezo yatafuata. Maelezo yenyewe ndiyo haya, na nimeyaandika kwa ajili yake na wenzake wote wanaofunga vidonda sasa katika zahanati za misheni, kuanzia milima ya Mbozi hadi bondeni Momba.

Habari za kupandishwa cheo na za mshahara sitaziandika. Zote mbili ni fupi. Nitaandika habari za vyoo, na mwenye kutaka kucheka acheke sasa ili tuendelee vizuri.

Nilianza kazi kule juu Mbozi nikiwa kijana mwenye kujua kusoma, kuandika na kujisifu. Zahanati ya misheni ilikuwa nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba viwili, na mkubwa wake kwetu sisi wenyeji alikuwa Mzee Yotamu, dresa wa kwanza wa nchi yetu, mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Nilidhani siku ya kwanza nitapewa sindano. Nilipewa karai la bandeji chafu. Nilizifua, nikazichemsha, nikazianika kwenye kamba kando ya mashamba ya kahawa, nikazikunja, na kesho yake nikapewa karai jingine. Kazi hiyo niliifanya wiki mbili. Wiki ya tatu nikaruhusiwa kuosha kidonda cha mguu cha mzee mmoja aliyetoka mbali, nikazimia. Mgonjwa ndiye aliyenipepea.

Mzee Yotamu alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila alipofungua daftari la wagonjwa: kwamba humo hakiandikwi ulichosikia, huandikwa ulichoona. Mama mmoja alikuja akasema amemeza kwinini zote na homa haijashuka. Mimi tayari nilikuwa nimechovya kalamu. Mzee Yotamu akamwomba kwa upole afungue pindo la nguo yake, na vidonge vikawa vimefungwa humo, vyote, kwa fundo zuri sana. Hakumkemea. Alimletea maji, akamtazama akimeza kimoja kimoja, kisha akanigeukia akasema, "Sasa andika, mwanangu." Nilijua nimefundishwa jambo. Nilichokuwa sijui ni kwamba mtu anaweza kufundishwa jambo, akalielewa, akawafundisha na wengine, na bado siku yake ikifika asilitumie.

Baada ya miaka kadhaa misheni ilinituma bondeni, mbele ya Ndalambo, kufungua zahanati ndogo katika kijiji cha Msinde. Nilikwenda na mke wangu Tabitha, mtoto wetu Enoka, masanduku mawili ya dawa na baiskeli ile, wakati huo ikiwa na breki zote. Sisi ni Wanyiha, wenyeji wa pale ni Wanamwanga. Tulisikilizana kwa Kiswahili cha kuungaunga, chetu chenye lafudhi ya milimani, chao chenye maneno ya kuvuka mpaka, maana nusu ya ndugu zao walikuwa ng'ambo ya Tunduma, na vijana wengi walikuwa kwenye migodi ya shaba. Walitupokea kwa ugali wa ulezi na kuku, na siku ya pili walipanga mstari mlangoni na vidonda vyao.

Vidonda na buba nilivimudu. Kilichonishinda ni tumbo la damu, yaani kuhara damu. Kila mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, uchafu wote wa vichakani ulisombwa hadi kwenye kijito ambacho ndicho kilikuwa maji ya kunywa, na baada ya siku chache akina mama walianza kuja na watoto mgongoni, vichwa vimelegea. Nilikuwa na haluli, ile chumvi ya kusafishia tumbo, nilikuwa na uji mwepesi wenye chumvi, na nilikuwa na sala. Mwaka wa kwanza tulizika watoto wengi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na kila nilipotoka makaburini nilijiona mwizi anayekula chakula cha bure cha watu wale.

Basi kiangazi kilichofuata nikaamua kijiji kichimbe vyoo. Nilimwendea Mwinjilisti Elia, mtu wa makamo mwenye sauti ya kufukuzia ndege shambani, naye akalipokea jambo hilo kwa moyo wote. Jumapili alihubiri zile sheria za Musa zinazowaagiza watu wa kambini wachimbe shimo nje ya kambi na kufukia. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa hawakujua kwamba Mungu aliwahi kujishughulisha na mambo hayo. Mimi nilisimama baada yake nikaeleza habari za inzi na maji. Nilisema kwamba kumpenda jirani ni pamoja na kutomnywesha uchafu wako. Sentensi hiyo niliitunga njiani na niliipenda sana.

Wa kwanza kuchimba alikuwa Mzee Simfukwe. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyekuja kanisani kila Jumapili akaketi mlangoni, nusu ndani nusu nje, na hakubatizwa hadi mwisho wa maisha yake. Zamani alifanya kazi ya kukata barabara ya Tunduma, na msimamizi alipoondoka alimwachia sururu. Kijiji kizima kilikuwa na majembe, lakini sururu ilikuwa moja tu, naye hakumwazima mtu. Kwa sururu hiyo alipasua ardhi ngumu ya kiangazi, akashuka mpaka kichwa kikapotea, akajenga kuta za matete na paa la nyasi. Wengine walipoona hivyo wakaona haya kubaki nyuma. Kabla ya mvua kila nyumba ilikuwa na choo.

Nikaandika taarifa kwenda misheni: "Kila nyumba katika Msinde ina choo." Misheni ikafurahi, ikawaandikia wakubwa wa boma. Kule boma nako wakafurahi, na Bwana Shauri, yule mkuu Mwingereza aliyetutawala, akatuma salamu kwamba Msinde ni mfano. Siwafichi, nilitembea kifua mbele. Tabitha aliniambia kofia inanibana siku hizi.

Mvua zikaja, na tumbo la damu likaja nazo, vilevile kama mwaka uliopita.

Nilichanganyikiwa. Niliwaambia watu mashimo yao ni mafupi. Niliwaambia hawanawi mikono. Niliwaambia mambo mengi, na wao wakaitikia kwa adabu. Katika wiki hizo Namonje aliniletea mwanawe. Namonje alikuwa mke wa mtoto wa Mzee Simfukwe. Mumewe alikuwa ng'ambo migodini, naye aliishi hapo kwa wakwe zake na binti yake mchanga aliyeitwa Rehema. Siku tatu tulimpa mtoto yule uji kwa kijiko, mimi na Tabitha na mama yake kwa zamu. Siku ya nne, mchana, alikata roho mikononi mwangu. Namonje hakupiga kelele. Alimfunga vizuri katika kitambaa, akanishukuru kwa kazi niliyofanya, akaenda nyumbani. Shukrani ile iliniumiza kuliko matusi.

Habari zilifika boma kwamba kijiji cha mfano kinaumwa kama vijiji vingine. Bwana Shauri alikata shauri kwamba vyoo vipo, basi kosa ni ukaidi wa watu. Tarishi akatumwa kutembea vichakani asubuhi na kukamata atakayemkuta. Ikatangazwa kwamba atakayekamatwa ataletwa barazani pamoja na mwenye nyumba yake, na kwamba ukaidi ukithibitika, wanaume wote wenye nguvu wa Msinde watapelekwa kuponda mawe kwenye barabara ya Tunduma mpaka mvua ziishe. Mnajua maana yake. Mvua za kwanza ndizo za kupanda. Kijiji kisipopanda Desemba, mwaka unaofuata kinakula majani.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Namonje, siku chache tu baada ya kumzika Rehema.

Siku mbili kabla ya baraza Mzee Yotamu alifika kutoka Mbozi kuniletea dawa. Alikuwa mzee tayari, na alikuja kwa baiskeli akiwa amelowa chapachapa. Nilimlalamikia habari yote, ukaidi wa watu, ukali wa boma. Alisikiliza, akavua koti, akasema, "Nionyeshe vyoo." Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Yeye hakusimama nje kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Aliinama akaingia, akakaa humo kidogo, akatoka. Katika choo cha tatu alikuta kuku amelalia mayai. Katika cha tano mlikuwa na mikeka iliyokunjwa. Cha Mzee Simfukwe kilikuwa kinatumika, lakini kidogo tu, kama mtu mmoja au wawili.

"Mwanangu Yohana," akasema, "vyoo vyako ni visafi kuliko mimbari ya kanisa. Uliandika vimechimbwa. Uliandika na wanaovitumia?"

Nilirudi nyumbani nikamweleza Tabitha, nikitegemea atanihurumia. Yeye aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea.

"Baba Enoka," akaniuliza, "nyumbani kwenu milimani, baba yako akitokea njiani nami ninatoka kisimani, huwa ninafanya nini?"

"Unaingia porini mpaka apite."

"Chakula chake nampelekea mimi?"

"Anampelekea mama."

"Kigoda chake nimewahi kukikalia?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi wewe unataka Namonje akachuchumae alipochuchumaa mkwewe. Na kama haendi yeye, mama mkwe naye hawezi kumwacha aende peke yake vichakani, watoto wanamfuata mama yao, na wageni wa kike wanawafuata wenyeji. Kila nyumba ya hapa ina mkwe. Choo kinabaki cha mzee, na mzee naye anaona haya kuingia humo peke yake, mwisho anakiachia kuku."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Mila hiyo haikuwa ngeni kwangu. Ni yetu pia. Kila likizo nilimwona mke wangu akiikwepa njia ya baba yangu na sikushangaa. Lakini tangu utoto nililelewa bweni la misheni, na mambo ya nyumbani niliyazoea kuyaacha nyumbani, pamoja na nguo za nyumbani. Nilipovaa nguo nyeupe za kazi nilisahau kwamba mimi ni mtoto wa mtu. Nilimuuliza Tabitha kwa nini hakuniambia mapema. Akasema hakuna aliyemuuliza, na kwamba nilikuwa nikizungumza sana.

Niliyajua sasa mambo mawili. La kwanza, Rehema alikunywa maji ambayo taarifa yangu iliyafanya yaonekane salama. La pili, mama yake na babu yake wangesimamishwa barazani kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Nilimwendea Elia nikamwambia nitasema hivyo mbele ya Bwana Shauri. Elia alikataa katakata. "Injili imetuweka huru," akasema. "Mkristo hana haja ya kujificha kwa mkwe. Mkwe wangu mwenyewe, mke wa mwanangu, amebatizwa, anaimba kwaya, na choo changu anakitumia." Nilimuuliza kama amewahi kumwona akiingia. Akasema mtu mwenye akili timamu haangalii mambo hayo. Nikamwambia basi amuulize mkewe, nikaondoka.

Baraza lilifanyika uwanjani mbele ya nyumba ya jumbe. Bwana Shauri alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili, na alikisema kama anayekagua gwaride. Aliketi nyuma ya meza, karani kando yake, kijiji chote chini. Akaagiza Mzee Simfukwe na Namonje wasimame pamoja mbele ya meza. Watu waliguna. Namonje alijifunika kichwa kizima na nguo yake, akageuka akaipa meza mgongo. Mzee Simfukwe aligeuza uso upande wa pili, akatazama milima.

"Nyumba hii ina choo," akasema Bwana Shauri. "Mwanamke huyu amekutwa vichakani. Mwenye nyumba, kwa nini?"

Mzee alitazama milima.

"Nakuuliza wewe. Nitazame ninaposema nawe."

Mzee hakugeuka. Kama angegeuka, angekutana na Namonje. Bwana Shauri aliona mgongo wa mmoja na shavu la mwingine, na uso wake ukawa mwekundu. Akamwambia karani, "Andika: wote wawili ni wakaidi mbele ya serikali." Kalamu ya karani ikainama.

Nilisimama. Nikasema, "Bwana Mkubwa, kabla karani hajaandika, naomba mwanamke huyu akakae nyuma ya nyumba na mke wangu. Kisha mwulize mzee tena."

Bwana Shauri alinitazama, akaashiria kwa mkono. Tabitha alimshika Namonje wakaenda. Walipopotea tu kwenye kona, Mzee Simfukwe aligeuka, akanyoosha mgongo, akamtazama Bwana Shauri machoni.

"Mukwai," akasema kwa heshima ya kwao, "choo nilichimba mimi. Mke wa mwanangu sikumwambia aingie. Siwezi kumwambia. Tangu aolewe sijasema naye neno moja, wala yeye nami."

"Neno moja? Hata nyumba ikiwaka moto?"

"Nitakohoa."

Watu walicheka, na karani alificha uso nyuma ya daftari. Bwana Shauri hakucheka, lakini wekundu ulipungua. Hapo nikasema yaliyonileta. Nilisema kwamba taarifa ya vyoo niliiandika mimi, na kwamba niliandika vimechimbwa bila kutazama ni nani anaviingia. Nilisema watu hawa walitii kila neno nililowaambia, na kwamba neno lenyewe ndilo lilikuwa pungufu. Nilisema dini iliyonifundisha kumwosha mgonjwa haikunituma kumvua mwanamke heshima yake ili nipate kuandika sentensi nzuri. Kama kuna wa kuponda mawe, ni mimi. Wanaume waachwe wapande. Kila nyumba ichimbe shimo la pili, la wanawake na wakwe, lenye njia yake.

Nilipoketi, Elia alisimama. Nilidhani nimekwisha. Lakini aliongea kwa sauti ndogo, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. "Bwana Mkubwa, jana nilimuuliza mke wangu. Mkwe wangu amebatizwa, ni mwimbaji, na anakwenda vichakani kama wengine wote. Nami nimehubiri kila Jumapili kwamba nyumba yangu ni mfano."

Bwana Shauri alifikiri huku akigonga meza kwa kidole. Mwisho akasema wanaume wapande. Ila mvua za mwaka ujao tumbo la damu likija kama mwaka huu, amri itarudi, na dresa atatangulia barabarani mbele ya wote. Akauliza kama nimeelewa. Kabla sijajibu, Mzee Simfukwe akasema, "Akienda, nitambebea sururu."

Ningependa kuandika kwamba kesho yake watu walichimba. Hawakuchimba. Siku tatu zilipita, hakuna aliyegusa udongo. Safari hii sikuhutubia, nilimtuma Tabitha akaulize. Alirudi akitikisa kichwa. Shimo la mkwe lichimbwe na nani? Mzee hawezi kuchimba shimo la mke wa mwanawe, ni kosa lilelile. Na wana wenyewe wengi wako migodini.

Dawa ya jambo hilo ilitoka kwa Namonje. Alikaa na wanawake wenzake jikoni kwa Tabitha wakapanga kijiji chote kwa punje za mahindi chini sakafuni. Mzee Simfukwe atachimba kwa jirani yake Silwimba. Silwimba atachimba kwa Simfukwe. Elia atachimba mtaa wa pili, na wa mtaa wa pili watachimba kwa Elia. Mahali pa shimo watachagua wanawake, na njia ya kwenda huko isikutane popote na njia ya wazee. Mimi nilitaka mashimo yakae upande wa mbali na kijito, nao walikuwa wamekwisha kuyaweka huko bila kuniuliza. Nilitia neno moja tu, habari ya kina. Wakanikubalia kwa huruma.

Hivyo ndivyo wazee wa Msinde walivyopita kila siku baada ya shamba, kila mmoja akienda kuchimba kwa mwenzake, na wakikutana njiani walitaniana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mimi nilipewa nyumba tatu, na viganja vyangu vilipasuka. Mengi ya mashimo yale ya kwanza yalibomoka kwa mvua. Kiangazi tuliyachimba upya na kuyasuka ndani kwa mianzi kama kapu. Mzee Simfukwe alipoona ninavyohangaika na jembe, alikuja akasimama ukingoni, akaniangushia sururu yake shimoni bila neno. Jioni alirudi kuichukua. Hakuna mwingine aliyewahi kuiazima.

Mume wa Namonje alirudi kutoka ng'ambo kwa ajili ya msiba, akabaki. Mwezi wa kumi Namonje alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Daudi. Nilimpokea mimi. Nilipomkata kitovu nilihesabu kichwani wiki zilizobaki kabla ya mvua, maana mtoto yule angeyanywa maji ya kijito kile, na sasa hapakuwa na mtu wa kumsingizia.

Mvua zikaanza. Kila asubuhi nilifungua mlango wa zahanati nikitazama kwanza njiani kabla ya kusalimu mtu. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya pili alikuja msafiri aliyetoka mpakani, anahara damu. Nilimtibu, nikarudi kutazama njiani. Wiki ya tatu watoto wawili, wakapona. Mwezi ukapita. Namonje alikuwa akipita na Daudi mgongoni kila siku ya soko, hakuingia ndani, alimgeuza tu nimwone uso, akaenda zake. Yule mtoto alinenepa hadi mikono ikawa na mikunjo.

Mzee Yotamu alikuja mwezi wa pili, safari yake ya mwisho bondeni. Hakuomba chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye choo cha wakwe cha nyumba ya Simfukwe, akakohoa kwanza kama mtu mwenye adabu, mke wa Simfukwe akamwambia hakuna mtu, akaingia. Alitoka haraka kuliko alivyoingia, kofia puani, machozi yanamtoka.

"Hiki kinatumika," akasema. "Andika, mwanangu."

Nikaandika. Katika miaka yote ya kazi sijaandika sentensi iliyonipa fahari kama hiyo, na nimeandika nyingi. Bwana Shauri hakuturudia tena. Baadaye vijiji vya njia ya Chitete vilituma wazee wao kuja kuangalia, na waliowapokea na kuwaeleza walikuwa wanawake wa Msinde, wenye punje zao za mahindi.

Mzee Simfukwe alifariki miaka mitatu kabla sijastaafu. Baada ya matanga Namonje alikuja zahanati, mama mtu mzima sasa, Daudi ameoa, na mumewe naye siku hizi anakohoa anapopita njia ya nyumbani. Alikuwa amebeba sururu ile. Mpini ulikuwa mweusi kwa mikono ya mzee.

"Wiki moja kabla hajalala kitandani," akaniambia, "aliiweka njiani nilipokuwa natoka mtoni. Akasogea mbali, akanipa mgongo, akakohoa. Nikadhani ananiambia nimpishe. Akakohoa tena, akanyoosha fimbo kuelekea huku zahanati, bila kugeuka. Ndipo nikajua ni ya nani. Miaka yote ile, Dokta, hilo ndilo jambo la pekee aliloniambia."

Alipoondoka nililia, peke yangu, kwenye kiti cha wagonjwa. Kisha nikafungua orodha ya vifaa vya zahanati, nikaandika sururu, moja, baada ya baiskeli, nikaitazama kwa macho yangu mwenyewe kabla ya kutia alama.

Kwa hiyo, mdogo wangu, haikupotea njia. Iko nyuma ya mlango. Siku utakapokuwa na hakika kabisa kwamba watu wako ni wakaidi, ichukue, ukaanze kuchimba kwa jirani.